Usimpe Dawa ya Usingizi: Safari Ndefu ya Ndege na Watoto Wadogo

  Mimi ni muuguzi wenu wa jamii, yule wa kliniki ya hapa viungani mwa Eldoret ambaye wengi wenu mnamwita Sista. Wiki iliyopita tulizungumza juu ya kikohozi. Leo nimechagua mada ambayo huenda ikawachekesha wengine: kusafiri kwa ndege na watoto wadogo, tena safari ndefu, ya saa kumi na zaidi.

Najua kuna anayesema, "Sista, mimi kufika Kitale tu kwa matatu na mtoto ni vita. Habari ya ndege inanihusu nini?" Nisikilize kidogo. Siku hizi ni vigumu kupata kijiji hapa kwetu ambacho hakina mtu wake ng'ambo. Mmoja ameenda masomoni, mwingine kazi, mwingine mbio. Mara nyingi baba hutangulia, halafu baada ya mwaka mmoja au miwili mama humfuata akiwa peke yake na watoto, na hajawahi kukanyaga ndani ya ndege maishani mwake. Tena mengi nitakayosema yatamfaa hata anayepanda basi la usiku kwenda Mombasa.

Mwaka 2022 alikuja kliniki mama mmoja kijana. Amenipa ruhusa nisimulie, jina lake nimeliacha. Alikuwa na binti wa miezi minane na mvulana wa miaka minne. Walikuwa wanasafiri kumfuata baba yao Minnesota, huko Marekani. Nilimpima mtoto uzito, nikaandika kwenye kitabu cha kliniki, yote yalikuwa sawa. Alipokuwa anafunga leso akasimama mlangoni, akarudi. Akasema kwa sauti ya chini, "Sista, naomba unionyeshe kipimo cha hii." Akatoa kwenye mkoba chupa ya dawa ya maji. Ilikuwa promethazine. Jirani yake alimwambia ampe mtoto kijiko kimoja kabla ya ndege kupaa na kingine katikati ya safari, na yule mkubwa apewe Piriton. Watalala mpaka Marekani.

Nilimuuliza, "Mbona unataka walale hivyo?" Akaanza kulia. Akaniambia ameona kwenye simu jinsi watu wanavyowatukana kina mama ambao watoto wao wanalia ndani ya ndege. Alikuwa amepanga mambo mengine pia. Angepunguza kumnyonyesha mtoto kuanzia asubuhi ya safari ili asilowanishe nepi sana. Mvulana naye hangepewa maji, asije akasumbua kwenda choo. Kila alichopanga, mama huyu, kilikuwa ni kwa sababu ya macho ya watu. Hapakuwa na hata jambo moja lililokuwa kwa sababu ya watoto. Simlaumu. Macho ya watu ni mzigo mzito, hasa kwa mgeni.

Basi tuanze na hiyo chupa, kwa maana ndiyo iliyonifanya nichague mada ya leo.

Promethazine ni dawa ya mzio na ya kutapika, na huleta usingizi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili ni hatari. Inaweza kupunguza nguvu ya kupumua mpaka pumzi ikakatika. Mwaka 2004 huko Marekani dawa hii iliwekewa onyo kali kwamba asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu kulikuwa na watoto waliofariki. Si kwamba walipewa chupa nzima. Wengine walipewa kipimo cha kawaida tu. Sasa fikiria mtoto amelala namna hiyo mapajani mwako, taa za ndege zimezimwa, wewe mwenyewe umechoka umesinzia. Nani atajua kwamba amebadilika rangi?

Piriton nayo, ambayo karibu kila nyumba inayo, si dawa ya kumlaza mtoto. Ni dawa ya mzio. Kuna watoto ambao wakipewa hawalali hata kidogo, badala yake wanachangamka na kuruka ruka na kulia usiku kucha. Halafu vijiko vya jikoni havilingani, na mama aliye na wasiwasi huongeza "kidogo tu" mtoto asipolala. Kama mtoto wako hutapika sana safarini, njoo kliniki au umwone daktari mapema, upewe ushauri unaolingana na umri na uzito wake. Usiongozwe na jirani, hata kama jirani huyo amefika Marekani mara tano.

Mtoto anayelia ndani ya ndege ana nguvu, anapumua, na anakuambia jambo. Mimi nikiwa kazini, anayenitia hofu ni yule aliyenyamaza na kulegea.

Tuzungumze sasa juu ya hewa ya ndani ya ndege, kwa sababu watu huiogopa bila kuielewa. Ndege kubwa huruka kilomita 10 hadi 12 juu. Huko nje hewa haimtoshi binadamu, kwa hiyo ndege husukumiwa hewa ndani. Lakini haifikishwi kuwa nzito kama ile ya Mombasa. Inakuwa kama hewa ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa Eldoret tuko karibu mita 2,100. Kwa hiyo mtoto wa hapa akiwa ndani ya ndege ni kama hajatoka nyumbani! Mtoto mwenye afya, hata awe wa Lamu, huvumilia bila shida.

Wanaohitaji kuonwa na daktari kabla ya tikiti kununuliwa ni wengine: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye shida ya moyo au mapafu, mwenye ugonjwa wa selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyetoka kulazwa na nimonia. Hao hewa nyepesi inaweza kuwaletea matatizo. Mtoto aliyezaliwa juzi pia asisafirishwe. Kabla ya saa 48 haifai kabisa, na mashirika mengi ya ndege hutaka awe na siku 7, mengine wiki mbili. Mimi ningekuambia ngoja hata zaidi ya hapo kama hakuna la kukulazimisha. Nawe mama uliyejifungua karibuni, miguu yako inaweza kufanya damu kuganda ukikaa sana. Simama, tembea, kunywa maji.

Hewa ya ndege ina jambo lingine: ni kavu, kama upepo wa Turkana wakati wa kiangazi. Midomo hukauka, pua hukauka, na mtoto hupoteza maji bila wewe kuona. Ndiyo maana ule mpango wa kupunguza maziwa ulinishtua kama ile chupa. Fanya kinyume. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko nyumbani, kila anapotaka na hata kabla hajataka. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji wala chai, hata katika ndege. Maziwa yako yanamtosha, ila ayapate mara nyingi. Aliyepita miezi sita mwongezee maji safi kidogo kidogo. Yule mkubwa naye apewe maji, wala si soda, maana soda itamjaza gesi na sukari. Akienda choo mara sita, mpeleke mara sita.

Chunguza nepi. Ikipita saa sita hajakojoa, mdomo umekauka, analia bila machozi, au utosi umebonyea, huyo anapungukiwa na maji. Beba pakiti mbili tatu za ORS mkobani, pamoja na kitu cha kupimia maji, na usome kwenye pakiti kama ni ya nusu lita au ya lita moja. Akiharisha, aliye chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, aliyezidi miaka miwili mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole kwa kijiko.

Masikio. Wewe unayeteremka kutoka Iten kwenda Bonde la Kerio unajua jinsi masikio yanavyoziba, kisha ukimeza mate yanafunguka. Ndivyo ilivyo kwa ndege, na huuma zaidi inapoteremka kuliko inapopaa. Mtoto mchanga hajui kumeza mate kwa kukusudia. Mpe titi wakati wa kupaa, halafu tena ndege inapoanza kushuka, ambayo ni karibu nusu saa kabla ya kutua. Usingoje mpaka uone nyumba na magari, utakuwa umechelewa. Mkubwa anywe maji kwa mrija au atafune kipande cha chapati. Usimpe njugu wala peremende ngumu, asije akapaliwa. Akikataa yote akalia, basi alie. Kilio chenyewe humfanya ameze na masikio yakafunguka. Lakini mtoto mwenye mafua makali au usaha sikioni aletwe kliniki kabla ya safari, kwa maana huyo maumivu yake ni ya kweli kabisa.

Hapa tutapumzika kidogo kwa muziki, uende ukatazame sufuria yako.

Tumerudi. Nimeulizwa juu ya mizigo ya chakula. Kule kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, vitu vya maji vinavyozidi mililita 100 kwa chombo kimoja kwa kawaida haviruhusiwi mkobani. Maziwa ya mtoto, chakula chake na dawa zake huruhusiwa kwa kiasi cha kutosha safari, ila viweke kando uvionyeshe. Kibuyu cha mursik ambacho nyanya amekipakia kwa upendo hakihesabiwi kuwa chakula cha mtoto! Kitabaki pale, na utaondoka na uchungu. Beba viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, chapati, vitu vinavyolika kwa mkono. Matunda yaishe kabla ya kutua, maana nchi nyingi, Marekani ikiwemo, haziruhusu yaingizwe hivi hivi.

Anayetumia maziwa ya kopo apime unga wa kila mlo nyumbani na kuuweka katika vyombo vikavu vilivyochemshwa. Waombe wahudumu maji ya moto sana, koroga, kisha poza kabla ya kumpa. Yasiyonywewa katika muda wa saa mbili yamwage, usimwekee baadaye. Na chupa ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu kuosha chupa katika kile choo chao kidogo si kazi ya mwanadamu.

Niseme wazi juu ya chai. Akina sisi bila chai hatuwezi. Lakini mama aliyempakata mtoto asipokee kikombe cha moto. Ndege ikitikisika kidogo, chai yote iko kifuani mwa mtoto, na hospitali iko mbali. Mwombe mhudumu aipoze kwa maji baridi, au unywe mtoto akiwa amelala kwenye kitanda chake.

Kitanda hicho ni kile kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti fulani. Huombwa mapema, siku ya kununua tikiti, na kina kikomo cha uzito, kwa hiyo uliza kama mtoto wako atatosha. Ndege ikianza kuyumba na taa ya mkanda ikawaka, mtoe mtoto umpakate. Katika mashirika mengi mtoto wa mapajani hupewa mkanda wake mdogo unaounganishwa na wa mama. Usimfunge ndani ya mkanda wako mwenyewe, maana ndege ikisimama ghafla uzito wako wote utamlalia. Leso ya kumbeba mgongoni ni nzuri mno uwanjani na kwenye vijia vya ndege, lakini si wakati wa kupaa wala kutua. Mtoto akishatimiza miaka miwili lazima awe na kiti chake. Mwenye uwezo wa kumlipia hata mdogo kiti, na awe na kile kiti cha gari kilichoidhinishwa kwa ndege, mtoto wake atakuwa salama zaidi.

Kuhusu mvulana wa miaka minne nilimwambia mama yule ampange kwa maneno wiki moja kabla. Watoto wa umri huo huogopa wasichokijua. Mwambie utapita mahali ambapo mfuko wako utaingia kwenye mashine utoke upande wa pili. Mwambie choo cha ndege kina kelele. Mpe kazi, kama vile kushika pakiti ya vitambaa vya mtoto. Mwambie ashike leso yako kila mnapotembea. Andika jina lake na nambari ya simu ya baba yake kwenye karatasi, itie mfukoni mwa suruali yake.

Na usianze safari ukiwa umechoka. Mama yule alikuwa amekata tikiti ya basi la usiku kutoka Eldoret, afike Nairobi alfajiri, ashinde uwanjani, apande ndege usiku. Kutoka Nairobi mpaka Amsterdam ni zaidi ya saa nane, kungoja, halafu karibu saa tisa nyingine mpaka Minneapolis. Ukijumlisha yote, watoto wangekuwa njiani zaidi ya saa 30. Nikamwambia, shemeji yako wa Kayole si yupo? Nenda siku mbili mapema, mlale, mwoge, mle chakula cha nyumbani. Alikubali.

Kuna jambo moja ambalo nusura nilisahau siku ile, nikamkimbilia hadi langoni. Walikuwa wamepanga kwenda kwanza Busia kumuaga nyanya kwa wiki mbili. Nilimwambia hivi: mlale ndani ya neti kila usiku. Na mkishafika Marekani, mtoto yeyote akipata homa katika miezi mitatu ya kwanza, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na neno la kwanza umwambie daktari liwe, "Tumetoka Kenya, mahali penye malaria." Madaktari wa huko hawaioni malaria kila siku kama sisi. Usipotaja, watafikiri ni mafua, uambiwe umpe maji na arudi kulala, na malaria kwa mtoto mdogo haingojei.

Ninyi mnaowaleta watoto waliozaliwa ng'ambo kuja kumwona nyanya, hili linawahusu hata zaidi. Mtoto huyo hajawahi kuumwa na mbu wa kwetu. Hana kinga yoyote. Na wewe mama uliyekaa huko miaka, ile kinga uliyokua nayo imepungua. Ombeni dawa za kuzuia malaria kabla ya kusafiri, watoto pamoja nanyi. Na chanjo nazo zitazamwe mapema, angalau wiki sita kabla. Cheti cha homa ya manjano, kwa nchi zinazokidai, huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na chanjo hiyo kwa kawaida hawapewi walio chini ya miezi tisa. Kitabu cha kliniki ukibebe mkononi, usikipakie kwenye sanduku.

Mama yule aliniachia ile chupa ya promethazine mezani. Baada ya wiki tatu alinitumia ujumbe wa sauti, mrefu, nikausikiliza mara mbili. Binti alilia karibu saa nzima baada ya kutoka Amsterdam. Mwanamume mmoja mbele yao aligeuka akaguna. Lakini bibi mmoja wa Kizungu aliyeketi kando aliinuka, akamchukua mvulana wakatembea naye mpaka nyuma na kurudi, hata lugha hawaelewani. Mtoto akanyonya, akalala mwenyewe. Yule aliyeguna naye akalala, tena akakoroma kuliko mtoto alivyolia.

Halafu sauti yake ikabadilika. Siku ya kumi na moja mvulana alipata homa. Baba alisema ni baridi ya huko tu, angojwe hadi kesho. Mama akakataa. Walipofika hospitali alisema lile neno kabla hata hajaketi. Wakamtoa damu usiku huo huo. Ilikuwa malaria. Alilazwa siku tatu, akapona, na wakati ananitumia ule ujumbe nilimsikia nyuma yake akipiga kelele za kuendesha gari.

Mkiwa ndegeni na mtoto akapumua kwa shida, midomo ikawa ya buluu, akashindwa kunyonya, akalegea au akashikwa na degedege, bonyeza kile kitufe juu ya kiti na uite kwa sauti. Wahudumu wana hewa ya oksijeni na wamefundishwa huduma ya kwanza, na mara nyingi wataita kama kuna daktari au muuguzi miongoni mwa abiria. Usione haya hata kidogo.

Wenye maswali njooni kliniki, asubuhi kabla ya foleni kuwa ndefu. Wiki ijayo tutaendelea na vyakula vya mtoto aliyetimiza miezi sita, na nitawaeleza jinsi ya kutengeneza uji ambao hautapita kama maji. Kwaherini.